Karatasi Kuukuu, Somo Jipya: Namna ya Kutengeneza Karatasi Nyumbani Pamoja na Watoto

Kila mwisho wa muhula, na hasa shule zinapofungwa mwezi Disemba, kaya nyingi hubaki na marundo ya karatasi zilizokwisha kazi: madaftari yaliyojaa, mitihani ya majaribio iliyokwisha kusahihishwa, matangazo, maboksi ya sabuni na magazeti ya zamani. Sehemu kubwa ya karatasi hizo huishia katika njia tatu. Nyingine huchomwa nyuma ya nyumba pamoja na mifuko ya nailoni, na moshi wake huingia madirishani mwa wenyewe na mwa majirani. Nyingine hutupwa jalalani zikiwa zimechanganyika na maganda ya ndizi na mabaki ya ugali, na zikishalowa namna hiyo hakuna mnunuzi anayezitaka. Nyingine hufungiwa karanga, maandazi na vitumbua, na wino wake ukaandamana na chakula hadi kinywani mwa mtoto.

Makala haya yanaeleza njia ya nne, ambayo haihitaji mtambo, umeme wala fedha nyingi: kuirejeleza karatasi hapo hapo nyumbani, kwa mikono ya wazazi na watoto, hadi iwe karatasi mpya.

Ni vyema kusema mapema kwamba karatasi ya nyumbani haitachukua nafasi ya daftari la dukani. Kazi ya siku mbili hutoa karatasi chache, nene, zenye mikwaruzo, na kaya moja haiwezi kumaliza taka za kata nzima kwa beseni moja. Faida yake iko kwingine. Mtoto aliyeifikicha karatasi kwa mikono yake akaiona ikigeuka rojo, kisha rojo likageuka karatasi, hahitaji kuhubiriwa sana kwamba taka si kitu kimoja. Ameona kwa macho yake kwamba karatasi kavu na safi ni mali, na kwamba karatasi iliyopakwa mafuta ni uchafu. Ufahamu huo ndio msingi wa kutenganisha taka nyumbani, na bila kutenganisha taka nyumbani hakuna urejelezaji unaoweza kufanikiwa mahali popote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Lakini jukumu hilo huanza kuwa jepesi au zito pale jikoni, katika ndoo ya taka ya kila kaya.

Karatasi ni kitu gani

Karatasi ni utando wa nyuzi ndogo sana za mimea zilizolala moja juu ya nyingine. Anayetaka kuziona na achane kipande cha karatasi polepole, kisha akitazame ukingoni kwa kukielekeza kwenye mwanga: ataona vinyweleo vidogo vikichomoza. Hizo ndizo nyuzi zenyewe, nazo zimeundwa hasa kwa selulosi, ambayo ni kiini cha kuta za chembe za mimea.

Nyuzi hizo hazikugandishwa kwa gundi. Zinapokuwa ndani ya maji hutawanyika na kulainika. Maji yanapokamuliwa na kukauka, nyuzi husogeleana, hugusana na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Kwa kuwa maji ndiyo yaliyozikutanisha, maji pia yanaweza kuziachanisha. Ndiyo maana daftari lililonyeshewa mvua hunywea na kuchanika kwa urahisi, na ndiyo maana urejelezaji wa karatasi unawezekana hata bila kemikali yoyote.

Historia nayo inatoa funzo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Wachina, mwaka 105 Baada ya Kristo mtumishi wa kasri la mfalme aitwaye Cai Lun aliwasilisha namna ya kutengeneza karatasi kwa kutumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Maana yake ni kwamba karatasi, tangu mwanzo wake, ilitengenezwa kwa vitu ambavyo watu walikwisha kuvitupa. Ufundi huo ulisafiri hadi Asia ya Kati na nchi za Waarabu, na baadaye Ulaya. Kiswahili kimehifadhi alama ya safari hiyo, kwa kuwa maneno karatasi, daftari na kalamu yote yametoka katika Kiarabu. Kwa karne nyingi malighafi kuu ya Ulaya ilikuwa matambara ya pamba na kitani. Matumizi makubwa ya miti yalishika kasi katikati ya karne ya 19.

Nchini Tanzania, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kilijengwa kutegemea miti ya paini, na wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye shamba kubwa la miti la Sao Hill. Mti wa paini huchukua miaka mingi kabla ya kuvunwa. Karatasi inayoteketea kwa dakika moja jalalani imebeba miaka hiyo yote.

Aidha, ni haki ya mtoto kuelezwa ukweli wote: karatasi haiwezi kurejelezwa milele. Kila inapolowekwa na kupondwa, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi zaidi, na uwezo wake wa kushikana hupungua. Kwa kawaida husemwa kwamba nyuzi za karatasi zinaweza kustahimili safari kati ya 5 na 7. Nyuzi zilizokwisha kufupika hutumika katika bidhaa zisizohitaji uimara mkubwa. Trei ya mayai, ambayo kila kaya inaifahamu, ni mfano mzuri wa kazi hiyo: karatasi kuukuu zilizogeuzwa rojo, zikamiminwa katika umbo, zikakauka.

Karatasi zinazofaa na zisizofaa

Karatasi zinazofaa kwa kazi ya nyumbani ni kurasa za madaftari, karatasi za kuchapia za ofisini, bahasha za kawaida na mifuko ya kaki. Magazeti yanaweza kuchanganywa kidogo, lakini yakizidi hutoa karatasi ya kijivu na dhaifu, kwa sababu nyuzi zake ni duni na wino wake ni mwingi.

Zisitumike karatasi zilizopakwa nta au nailoni, kama vile pakiti za maziwa na vikombe vya karatasi, kwa kuwa maji hayapenyi. Zisitumike karatasi zenye mafuta au mabaki ya chakula, wala trei za mayai zenye uchafu wa kuku, kwa ajili ya usafi. Karatasi za kaboni pia ziachwe. Vilevile risiti laini zinazotolewa na mashine za kielektroniki madukani zisiingizwe kwenye beseni la watoto: maandishi yake hayachapwi kwa wino, hutokezwa na kemikali inayobadilika rangi kwa joto, na kemikali hizo hazipaswi kuchezewa kwa mikono mibichi.

Kabla ya kuchana chochote, mtu mzima apitie rundo lote ukurasa kwa ukurasa. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, stakabadhi za kodi, hati za viwanja na barua za shule mara nyingi hujificha ndani ya madaftari. Karatasi ikishakuwa rojo hairudi. Kwa upande mwingine, nakala za vitambulisho, taarifa za benki na karatasi nyingine zenye majina na namba za watu, ambazo hazihitajiki tena, ni heri ziingie kwenye beseni kuliko kwenda jalalani zikiwa nzima na kuokotwa na asiyehusika.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vyote hupatikana nyumbani au kwa fundi seremala wa jirani:

1. Fremu mbili za mbao zinazolingana, kila moja ikiwa na nafasi ya ndani ya takriban sentimita 21 kwa 15, yaani nusu ya karatasi ya A4. Fremu moja huwambwa wavu wa dirishani uliokazwa vizuri kwa misumari midogo. Ya pili huachwa wazi.
2. Karai au beseni pana ambalo fremu itaingia ikiwa imelala, pamoja na ndoo moja ya kulowekea.
3. Vipande visivyopungua 16 vya kitambaa cha pamba, kama vile khanga au shuka kuukuu, vikubwa kuliko fremu.
4. Kipande cha sponji, hata kilichokatwa kutoka godoro bovu.
5. Mbao mbili bapa na matofali au mawe mazito.
6. Kijiti kinene cha kupondea, chujio na kamba ya kuanikia nguo.

Ipo tahadhari muhimu kuhusu wavu. Chandarua chenye dawa kisikatwe kwa kazi hii, hata kikiwa kimechakaa. Kwanza, chandarua ni kinga dhidi ya malaria, na kilichotoboka kishonwe. Pili, dawa iliyomo haifai kuchanganyika na maji ambayo watoto watatumbukiza mikono. Kipande cha wavu wa dirishani, ambacho mafundi hubaki nacho baada ya kazi, kinatosha kabisa.

Vilevile, kinu cha nafaka na blenda ya jikoni visitumike kupondea karatasi, kwa sababu ya wino. Vifaa vya kazi hii vitengwe na vya chakula.

Hatua za kazi

Kwa somo la kwanza, gramu 100 za karatasi zinatosha. Nyumba isiyo na mizani inaweza kuhesabu: karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, na karatasi 16 za A4 hutimiza mita moja ya mraba; hivyo karatasi moja ina gramu 5, na karatasi 20 zina gramu 100.

Hatua ya kwanza ni kuchana. Pini za stepla, gundi na majalada ya nailoni yaondolewe. Kisha watoto wachane karatasi vipande vidogo vyenye ukubwa wa stempu. Kuchana kwa mkono ni bora kuliko kukata kwa mkasi, kwa sababu mkasi hukata nyuzi, ilhali mkono huziachanisha.

Hatua ya pili ni kuloweka. Vipande viwekwe ndani ya ndoo, vimiminiwe maji lita 3 na kuachwa usiku kucha. Maji ya mvua yanafaa sana.

Hatua ya tatu ni kufikicha na kuponda. Asubuhi yake watoto wafikiche karatasi ndani ya maji kama wafuavyo nguo, kisha waiponde kwa kijiti hadi iwe mfano wa uji mzito usio na mabonge. Kazi hii huchukua muda, nayo haina njia ya mkato. Kipimo chake ni rahisi: kijiko kimoja cha rojo kitiwe katika bilauri ya maji safi, kikorogwe na kutazamwa kwenye mwanga. Vikionekana vipande vyenye herufi, kazi bado. Ikionekana kama wingu jepesi, rojo limeiva.

Hatua ya nne ni kuandaa karai. Rojo limiminwe katika karai na kuongezwa maji hadi jumla ifike lita 10. Likorogwe vizuri kila kabla ya kuchota, kwa kuwa nyuzi huzama upesi.

Hatua ya tano ni kuchota. Fremu iliyo wazi huwekwa juu ya fremu yenye wavu, upande wa wavu ukiwa umeitazama ile ya juu. Mtoto azishike pamoja kwa mikono miwili, azitumbukize zikiwa zimeinama kuelekea kwake, azilaze chini ya maji, kisha azinyanyue moja kwa moja zikiwa zimelala sawasawa. Maji yanapochuruzika, azitikise kidogo kushoto na kulia, mbele na nyuma, ili nyuzi zishikane pande zote. Asubiri hadi matone yapungue.

Hatua ya sita ni kulaza. Fremu ya juu iondolewe. Fremu yenye wavu igeuzwe kifudifudi juu ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Sponji ipitishwe mgongoni mwa wavu kwa kukandamiza, ikamuliwe, ipitishwe tena, hadi maji mengi yatoke. Kisha wavu uinuliwe polepole kuanzia upande mmoja. Karatasi changa itabaki juu ya kitambaa. Kitambaa kingine kiwekwe juu yake, na kazi iendelee.

Hatua ya saba ni kukamua. Rundo lote la vitambaa na karatasi liwekwe kati ya mbao mbili, juu yake yawekwe matofali, na liachwe kwa muda usiopungua nusu saa. Mtu mzima anaweza kusimama juu ya ubao kwa dakika chache. Kadiri maji yanavyokamuliwa, ndivyo nyuzi zinavyosogeleana na karatasi inavyokuwa imara.

Hatua ya nane ni kuanika. Kila kitambaa, kikiwa na karatasi yake juu, kianikwe kivulini penye upepo. Karatasi ibanduliwe ikiwa imekauka kabisa, kisha ilazwe chini ya vitabu vizito hadi inyooke.

Gramu 100 hutoa takriban karatasi 15 nene. Hapa pana swali zuri la hesabu kwa mtoto: karatasi 20 za A4 zikikatwa katikati hutoa vipande 40 vya ukubwa huo, kwa nini sasa zimepatikana 15 tu? Jibu ni kwamba kila karatasi mpya ni nene zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani, na nyuzi kidogo zimepotelea kwenye maji.

Kwa karatasi itakayoandikwa kwa kalamu ya wino, ipo kazi moja ya ziada. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kipikwe katika bilauri mbili za maji hadi kiwe uji mwepesi sana. Ukishapoa, upakwe juu ya karatasi kavu kwa brashi au kitambaa laini, na karatasi ianikwe tena. Wanga huziba nafasi zilizopo kati ya nyuzi, na wino hausambai ovyo.

Kasoro za kawaida na marekebisho yake

Karatasi ikichanika wakati wa kulazwa, rojo ni jepesi mno au sponji haikukandamizwa vya kutosha. Rojo kidogo liongezwe kwenye karai. Karatasi ikiwa nene upande mmoja, fremu ilinyanyuliwa ikiwa imeinama. Ikiwa na mabonge, irudishwe kwenye ndoo ya kuponda. Ikijikunja kama jani kavu, ilianikwa juani bila kukamuliwa vyema. Irashiwe maji kidogo na kuwekwa chini ya vitabu vizito usiku mzima.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna karatasi inayoharibika moja kwa moja. Iliyoshindikana hurudishwa majini na kuanza upya, na mtoto hujifunza kukosea bila hasara.

Rojo lililobaki lisiachwe kwenye maji zaidi ya siku mbili, hasa wakati wa joto, kwani huoza na kunuka. Likamuliwe kwa kitambaa, lifinyangwe madonge, likaushwe na kuhifadhiwa. Siku nyingine litalowekwa upya.

Somo kwa kila umri

Watoto wa miaka 4 hadi 6 wachane na kufikicha. Kazi hizo huimarisha vidole vinavyojiandaa kushika kalamu. Wanafunzi wa miaka 7 hadi 9 wanaweza kupima maji, kukoroga na kulaza. Wenye miaka 10 na kuendelea wachote, watunze hesabu ya karatasi zilizopatikana na kuandika walichokiona. Majaribio matatu yafuatayo yanaweza kufanywa na mwalimu darasani au mzazi nyumbani.

Jaribio la kwanza ni la kulowesha. Kipande cha karatasi, kipande cha kitambaa na kipande cha nailoni vilowekwe katika bilauri tatu kwa siku tatu, vikikorogwa kila siku. Karatasi itasambaratika; kitambaa kitalowa lakini kibaki kizima; nailoni haitabadilika. Hapo mtoto aulizwe: kipi kati ya hivyo kitaziba mtaro kwa muda mrefu zaidi mvua za masika zikinyesha?

Jaribio la pili ni la kuchana. Karatasi ya gazeti ichanwe kutoka juu kwenda chini, kisha nyingine ichanwe kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, na mwingine utakwenda upogo. Sababu ni kwamba mashine ya kiwandani huzilaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja. Karatasi ya nyumbani, iliyotikiswa pande zote, huchanika upogo kila upande.

Jaribio la tatu ni la wino. Tone moja la maji yenye rangi lidondoshwe juu ya karatasi ya nyumbani isiyopakwa wanga, na jingine juu ya iliyopakwa. Watoto wapime kwa rula upana wa kila doa na kueleza tofauti.

Usalama

Mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na ndoo au karai lenye maji, hata kwa dakika moja na hata maji yakiwa machache. Kazi ikiisha, vyombo vyote vimwagwe na kufunikwa. Wanga upikwe na mtu mzima. Pini za stepla zihesabiwe na kutupwa mahali salama. Mwenye kidonda mkononi asifikiche. Watoto wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi.

Maji ya karai yachujwe kabla ya kumwagwa, kwa sababu nyuzi zikikusanyika huziba mabomba na mitaro. Yanaweza kutumika tena kwa kundi la pili na la tatu la karatasi, jambo lenye manufaa kwa vijiji ambako maji hufuatwa mbali. Mwishowe yamwagiwe maua au miti ya kivuli. Yasimwagiwe mboga, kwa sababu ya wino.

Matumizi ya karatasi ya nyumbani

Karatasi hizi zinafaa kwa kadi za mwaliko na pongezi, majalada ya madaftari, vibandiko vya majina, picha za kuchora na alama za kusomea vitabuni. Maua makavu, majani membamba au maganda ya vitunguu yakitiwa kwenye karai hutoa mapambo. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya dhahabu, na rosela hutoa rangi ya waridi.

Walimu wanaweza kulitumia rojo lililokamuliwa kutengenezea zana za kufundishia bila gharama kubwa. Likichanganywa na uji wa wanga hufinyangwa kama udongo: ramani yenye milima na mabonde, herufi za kushikika kwa wanafunzi wa madarasa ya awali, au maumbo ya hesabu. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayepapasa Mlima Kilimanjaro uliofinyangwa kwa rojo hupata maana ya neno mwinuko ambayo ramani ya bapa haimpi.

Kutoka kwenye karai hadi kwenye kata

Kaya iliyomaliza somo hili itabaki na karatasi nyingi kuliko inavyoweza kurejeleza yenyewe. Hapo ndipo somo la nyumbani linapokutana na huduma ya umma. Wakazi wa kata zote wanahimizwa kufanya mambo matatu.

La kwanza, kila kaya iwe na boksi au kiroba kimoja cha karatasi kavu, mbali na ndoo ya mabaki ya chakula na mbali na mvua. Karatasi kavu iliyotengwa ina thamani kwa wakusanyaji wa bidhaa za kurejelezwa. Ikishachanganyika na maji ya taka, thamani hiyo hupotea.

La pili, karatasi zisichomwe majumbani, na hasa zisichomwe pamoja na nailoni na chupa za plastiki.

La tatu, karatasi zilizoandikwa au kuchapwa kwa wino zisifungiwe vyakula. Wauza maandazi na karanga watumie vifungashio safi vilivyotengenezwa kwa chakula, nao wanunuzi wawe na uthubutu wa kuvidai.

Shule, vikundi vya vijana na vya kina mama vinavyotaka kuanzisha ukusanyaji wa karatasi katika eneo lao vinashauriwa kuonana na Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata, ambaye atawaunganisha na wataalamu wa mazingira wa Halmashauri. Kwa kaya moja moja hakuna haja ya kusubiri kikao. Madaftari ya mwaka jana yapo, beseni lipo, na watoto wako likizoni.